Baba, Fundi Rangi Uliyekataza Taa Zisiwashwe Mapema

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke. Uliondoka saa saba mchana, jua likiwa la utosi, wewe uliyependa machweo kuliko watu wote tunaowajua. Mama alijifuta machozi akasema, "Kawaida yake. Kila mahali lazima awahi." Tukacheka hapo hapo wodini, muuguzi akatushangaa.

Ulipaka nyumba za watu rangi kwa miaka thelathini na minane. Ulirudi jioni una madoa kwenye nyusi, unanukia tapentaini, unanawa mikono mpaka viwiko, kisha unaketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, zinazotazama magharibi. Ole wake atakayegusa swichi! "Acheni kwanza," ulisema. "Mchana haujamaliza kuaga." Mama alichambua mchele kwa kupapasa, akinung'unika kwamba siku moja utatulisha mawe. Tuliyala kweli, mara mbili tatu.

Ulituambia usiku unapakwa mikono mitatu ya rangi, mmoja juu ya mwingine, kama ukuta. Mkono wa kwanza, jua limezama lakini mtu bado anasoma gazeti nje. Wa pili, nyumba zinageuka vivuli na nyota kubwa zinachomoza. Wa tatu, ule weupe hafifu wa mwisho kule chini unafutika, na nyota ndogo zinajaa. Mwalimu wa jiografia, jirani yetu, alipokueleza kwamba wataalamu nao wameugawa utusitusi mafungu matatu, kwa kadiri jua linavyoshuka chini ya upeo wa macho, ulijipiga paja. "Kumbe wameniibia!"

Hukuwa mtu rahisi, lakini. Tukisema ulikuwa rahisi tutakuwa tunamsingizia marehemu.

Kifungua mimba wako alipomaliza shule akasema anataka kazi yako, ulikataa katakata. "Ngazi huanguka na mtu," ulisema. "Sikuzaa binti aje avunjike kiuno." Miezi minne mkawa mnasalimiana kama wapangaji. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie nimesikia." Mama akawa tarishi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Halafu jioni moja binti akaja akaketi ngazi moja chini yako. Ukanyoosha kidole angani, ukasema kama mtu anayejisemea, "Zambarau ile."

"Si zambarau, Baba," akajibu bila kugeuka. "Ina kijivu ndani yake. Na tone la kijani."

"Kijani? Angani?"

"Tazama vizuri."

Kesho yake ulitwaa vipande viwili vya ubao. Kimoja ukakipaka kwa ukaidi wako, kingine kwa maneno yake. Jioni, saa ile ile, ukaviinua vyote viwili. Chako kilionekana kama kiraka kwenye shati la mtu. Chake kikapotelea angani, tukaona vidole vyako tu vimeshika hewa. Ulivishikilia mpaka nyota ya kwanza, kisha ukaita, "Mama watoto! Huyu amenipita jicho. Mtafutie ovaroli."

Binti akalia. Wewe ulisingizia vumbi.

Tangu siku hiyo, mpaka magoti yalipokugomea, yeye alikuwa juu ya ngazi na wewe umeishika chini. Mafundi wenzako walipokutania, uliwajibu, "Mimi ni msaidizi wake, ulizeni bei kwa mkubwa." Na miezi ya mwisho, kifua kilipokubana, yeye ndiye aliyekubeba na kiti chako mpaka nje kila jua lilipoanza kushuka, akakaa nawe hadi useme inatosha.

Mwezi uliopita alimaliza kupaka wodi ya watoto, ghorofa tatu. Hakuna ukuta uliochuruzika rangi. Laiti ungezipitishia kuta zake kiganja.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye ni mama yetu; binti yako fundi; wanao wawili wa kiume, ambao hukuwaamini hata na brashi ya viatu; dada yako, ambaye ni shangazi yetu; mwalimu jirani; na mjukuu wa wiki sita ambaye hukumwona. Amechukua masikio yako, maskini, yote mawili.

Tuko salama, Baba, na tumeridhika. Tutakuwa nawe mioyoni siku zote za maisha yetu.