Uwanja wa Nyuma ya Hospitali

Kaka yangu,

"Ratiba ya klabu ni ya wenye magari-nyumba wote, si ya familia moja." Hayo umeyaandika wewe, mwenyekiti wetu, na wanachama wameyashangilia. Basi nijibu: miaka tisa nimewachagulia viwanja vya kuegesha magari na kulala, nikiweka bakuli la maji mezani ndani ya gari kupima kama ardhi imelala sawa. Ni familia gani niliipendelea? Na mlipong'ang'ania twende ziwani, magari yakazama kwenye tope, nani alihangaika kutafuta trekta?

Huku tumeshona mapazia mapya ya gari. Mwambie wifi sufuria yake ninayo mimi, aache kumsingizia jirani.

Shemeji yako amepungua sana. Jumanne na Ijumaa anasafishwa damu, na daktari hataki alale mbali na mashine. Ndiyo maana safari ya klabu nimeipanga Jumamosi hadi Jumatatu, uwanja wa nyuma ya hospitali. Najua hauna mandhari ya kupigia picha. Juzi kaniuliza, "Mama watoto, wataniachia nafasi yangu pale karibu na bomba?"

"Nani athubutu kuichukua?" nikamjibu, kisha nikatoka nje nikajifanya nakagua matairi.

Nimechoka kubishana, kaka. Wanachama sijawaambia, kwa sababu mwenyewe hataki kuonewa huruma. Na wewe usiwaambie.

Ila wewe na wifi mna kura mbili. Alhamisi kwenye mkutano wa klabu nyosheni mikono, nyote wawili, muuchague uwanja wangu.

Dada yako