Nilivyojifungia Nje ya Kompyuta ya Mama Mkwe

Alhamisi, jioni. Baridi ya Juni imeishika Tunduma, vumbi la malori limejaa hadi kwenye chai, na mimi nina aibu.

Acha niseme ukweli hapa, maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha.

Mama mkwe wangu ni mkuu wa shule ya sekondari kule Mpemba. Kompyuta inayotunza alama za wanafunzi iko ofisini kwake, na walimu huifikia kwa mtandao wakiwa chumbani kwao. Fundi wake ni mimi, mtoto wa milima ya Ileje niliyeoa kwa Wanamwanga wanaoshika mila. Kwao, mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe mpaka afanyiwe sherehe, alishwe kuku, aruhusiwe. Huu ni mwaka wa pili nasubiri. Kwa hiyo kompyuta niliiandaa dukani kwangu, mke wangu Neema akaipeleka, na kazi zote nazifanya kwa mtandao nikiwa hapa hapa mjini. Maneno nayo hupitia kwa Neema.

Wiki iliyopita mama mkwe alimtuma aniulize kama nimeweka fayawoli, yule mlinzi wa kuzuia wavamizi wa mtandao, na kama nimesoma maelekezo yake. Nikajibu nimesoma yote.

Sikusoma hata ukurasa mmoja.

Mimi huyu, ninayewafokea wateja kila siku. Mtu akileta printa aliyoiharibu mwenyewe, swali langu la kwanza ni kama alifungua kile kijitabu kilichokuja nayo.

Leo asubuhi nikaiwasha hiyo fayawoli. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nani aliwahi kujibu hapana? Nikabonyeza ndiyo, nikakatika papo hapo. Kumbe imekuja imeshapangwa hivyo kutoka kwa watengenezaji: kutoka ni ruksa, kuingia ni marufuku, hata kama anayeingia ndiye aliyeiweka. Walimu nao wakakatika, alama wakiwa hawajamaliza kuingiza. Na kesho asubuhi shule inafungwa, wazazi wanakuja kuchukua ripoti.

Niliwasema sana waliotengeneza. Mlinzi gani siku ya kwanza kazini anamfungia nje mwenye nyumba? Mpaka sasa naona nina hoja. Lakini dawa ilikuwa moja tu, mtu akae mbele ya kompyuta yenyewe na kuandika mstari mmoja wa amri.

Tulijaribu kwa simu, sauti ikawa inakatika. Nikasema basi mama atoke nje kidogo, niingie nirekebishe. Haiwezekani. Ofisini kuna mitihani imefungiwa kabatini, na kanuni yake haina utani: yeye asipokuwemo, hakuna anayeingia. Mila hainiruhusu akiwemo, kanuni hainiruhusu akitoka.

Saa sita mchana nilikuwa Mpemba, nimesimama chini ya dirisha la ofisi, mgongo ukutani, nikitazama mlingoti wa bendera. Neema alikuwa mlangoni, apeleke maneno ndani na kuyaleta nje. Wanafunzi wanapita, wananiamkia, wanageuka kunitazama tena. Nilikuwa najua hasa ninachokiogopa. Miaka miwili nangoja huyu mama aniruhusu, na sasa atajua kwamba binti yake ameolewa na mwongo.

Nikasikia karatasi zikifunuliwa mle ndani. Kumbe maelekezo aliyachapa yote wiki ile ile aliyoniuliza, akayapigia mistari kwa kalamu nyekundu.

"Neema, mwambie mumeo, ukurasa wa pili, juu kabisa. Ruhusu kwanza njia unayoingilia, ndipo uwashe."

Hatua mbili kutoka kwangu. Nilisikia kila neno, na bado Neema akaja kunirudishia lote.

"Mwambie ni kweli," nikasema. "Na mwambie sikusoma."

Kisha nikasikia vitufe vikibonyezwa, taratibu, kimoja kimoja. Hakuhitaji hata nimtajie cha kuandika, mfano ulikuwa pale pale kwenye karatasi. Baada ya dakika mbili chumba cha walimu kikapiga makofi.

Nilikuwa nimeshaanza kunyata kuelekea getini.

"Mwambie pia, mahindi yameshaingia ghalani. Jumamosi ya wiki ijayo aje na wazee wake, kuku aliwe, nimruhusu. Nimechoka kuandika kwa niaba yake. Na yule aliyesema uongo wiki iliyopita asije, aje huyu wa leo."

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisingizia vumbi, nikapangusa macho.

Sasa nimekaa hapa najiuliza. Sahani napokea kwa mikono miwili? Napiga magoti? Nikishalishwa, namtazama usoni au bado? Nimemuuliza Neema, amesema njoo tu, ni jambo dogo.

Hivyo hivyo ndivyo nilivyoichukulia fayawoli.

Kesho nikiamka tu nampigia shangazi yangu, aliyeolewa kwa Wanamwanga wa ng'ambo ya mpaka. Anieleze tangu ukurasa wa kwanza, na nitaandika.