Hatuondoki Kitandani Mpaka Mama Aeleze

9 Februari

"Hospitali za mikoa kazi yake ni kutibu. Kufundisha na kutafiti tuviachie vyuo vikuu."

Mdogo wangu Bingwa, habari za huko? Mimi sijambo, Mama hajambo isipokuwa magoti, na gazeti lenye hayo maneno yako amelibandika sebuleni, juu ya televisheni. Umetoka vizuri pichani. Umesimama mlangoni pa wodi yangu. Mimi nimekatwa. Umebaki mkono wangu tu, unachungulia begani pako kama wa mgonjwa anayeomba kuhudumiwa.

Haya, tubishane. Kama hospitali ya mkoa haifundishi, hiyo "mbinu mpya" unayosifiwa umeiokota wapi? Ulikuja kwangu likizo, ukanifuata raundi kwa kukosa la kufanya. Ukamwona daktari tarajali akimaliza kueleza ugonjwa wa mtoto kwa maneno ya vitabuni, nami nikamzuia: hatuondoki kitandani mpaka mama aeleze. Aseme mwenyewe mwanawe anaumwa nini, anakunywa dawa gani, na ataiacha lini. Mama akishindwa, aliyefeli ni daktari, na anaanza upya. Wewe ulicheka. Ukasema, "Dada, raundi yako ni kobe." Leo kobe yuko gazetini, na amebeba jina lako.

Utasema nina wivu. Ninao. Nionyeshe basi ni wapi hauna sababu.

Dada yako

20 Februari

Dada, shikamoo. Natumaini presha yako imeshuka, maana ile ya kwenye barua yako ilikuwa juu sana. Watoto wanakusalimu, na mke wangu anasema asante kwa mashuka.

Mwandishi alinikata maneno. Nilimwambia kwamba mbinu ile niliiona kwa dada yangu. Hakuandika. Nifanyeje, nimpige?

Lakini nawe kubali jambo moja. Bila kulinganisha, hiyo si mbinu, ni tabia yako nzuri tu. Wenzangu wakiniuliza ushahidi, niwaambie dada yangu ni mkali? Fedha za utafiti zimepatikana hapa chuoni. Wodi A uendelee na raundi yako. Wodi B, kwa yule daktari unayemwita Mzee wa Mbio, waendelee na raundi ya kawaida. Tarajali wa huku wasiende kule. Mwishoni tunaangalia watoto wa wodi ipi wamerudi kulazwa zaidi kwa ugonjwa ule ule. Sharti ni moja: wewe usikanyage B. Jina langu litatangulia, lako litafuata.

Mama amefurahi mno. Anasema hatimaye tutafanya kitu pamoja bila kugombana.

Mdogo wako

3 Machi

Bingwa, salamu. Magoti ya Mama yako palepale, ila anapanda ngazi vizuri akiwa na mgeni wa kuonyesha gazeti.

Eti jina langu lifuate! Nilikuwa mtoto wa pekee nyumbani kwetu mpaka ulipoletwa umeviringishwa kwenye blanketi, nikaambiwa nisogee. Naona bado nasogea. Mimi pia ni daktari bingwa, wa watoto, nimesoma miaka ile ile uliyosoma wewe. Lakini katika nyumba ile Bingwa ni mmoja, na mimi ni "yule dada yake, naye yuko hospitali."

Nimekubali. Si kwa ajili yako. Nimekubali kwa sababu ukweli ukishapimwa, hata wewe hutaweza kuubeba peke yako.

Vijana wako wa utafiti wamefika, wamevaa fulana zinazofanana. Ni wapole. Mmoja ameniuliza kama mimi ndiye metroni.

Dada yako

11 Oktoba

Dada, shikamoo. Kimya chako kimekuwa kirefu. U mzima? Mama anasema kwenye simu unacheka, basi najua huumwi.

Nina jambo linaloninyima raha. Matokeo yametoka, na A na B ni sawasawa. Watoto wanaorudi ni wachache kote kote, wachache kuliko mwaka jana. Kwa hesabu hii mbinu yako haina maana yoyote: B wamepata nafuu ile ile bila hiyo mbinu. Kamati ya utafiti inakaa mwezi ujao. Nimewaahidi mambo makubwa, na kupandishwa kwangu cheo kunategemea kikao hicho.

Kuna kitu kimebadilika B? Dawa? Wauguzi? Nijibu upesi.

Mdogo wako

2 Novemba

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Kijana wangu alikaa B asubuhi nzima. Anasema tarajali wa kule hawaondoki kitandani mpaka mama aeleze. Anasema Mzee wa Mbio mwenyewe siku hizi anavuta stuli na kukaa! Alipouliza nani kawafundisha, wakamjibu, "Si Mama Kobe? Huja Mzee akienda kliniki."

Umeniharibia utafiti kwa makusudi. Usiniambie ni huruma, nakujua tangu utotoni. Ulikuwa ukivunja gari langu la kuchezea ili tusiwe nalo wote wawili.

Nimeiomba kamati tuanze upya Januari. B irudi kwenye raundi ya kawaida, nawe uweke sahihi kwamba hutaingia. Ukikataa, watapendekeza uondolewe kwenye ufundishaji wa tarajali. Sikutaka tufike huku. Jibu lako nitalisoma mbele yao, basi andika ukijua hivyo.

Mdogo wako

6 Novemba

Mdogo wangu, nawe pia mheshimiwa mwenyekiti na wajumbe wa kamati, poleni na kazi. Mimi mzima. Mama pia mzima, na hajui lolote kuhusu barua hii. Naomba iwe hivyo.

Mdogo wangu anasema ni wivu. Anasema kweli, lakini ameishia katikati.

Mwezi wa Mei mlibandika bango kwenye mlango wa Wodi A. Lilisema "Mbinu ya Kitivo cha Tiba", na chini yake jina la mdogo wangu. Nilisimama mbele yake mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepotea. Adhuhuri ile ile wakapitisha machela kwenda B. Juu yake alikuwa mtoto mwenye kifafa, ameshikwa na degedege lisilokatika. Alikuwa ametoka B wiki chache nyuma. Nikamwuliza mama yake, dawa? Akasema, "Aliacha kuanguka, daktari, nikajua amepona. Nikaiweka akiba, ya siku akianguka tena." Hakuna aliyemwambia aeleze. Mtoto yule yu hai, lakini maneno aliyokuwa nayo hayajarudi.

Ningeliona bango peke yake, ningenuna tu. Ningemwona mtoto peke yake, ningekupigia simu, Bingwa, nikakuomba usimamishe utafiti kwa utaratibu. Niliviona vyote siku moja. Sikukupigia kwa sababu ungekuja, ungetoa amri nzuri, na ungepigwa picha mlangoni. Nikaingia B mwenyewe. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokuharibia, na kwa hilo niadhibuni. Kwa kuingia B sitakuomba radhi.

Sasa nasikia mnataka B irudi kwenye ukimya ili mpate cha kulinganisha. Madaktari wale wameshajua kuuliza. Mtawaamuru wasiulize? Nani kati yenu atasimama kitandani kumwangalia mama akiondoka na chupa asiyoielewa, kisha aandike matokeo?

Sahihi siweki. Jina langu lifuteni kabisa, nimechoka kulilinda. Mbinu iiteni mnavyotaka, hata ya Bingwa. Mimi nimezoea kukatwa, ubaki mkono tu. Ila B msiiguse. Andikeni kwamba utafiti uliharibika, na aliyeuharibu ni dada wa mtafiti. Mkitaka kulinganisha, tafuteni njia isiyomnyamazisha mtu.

Bingwa, umeshamaliza kuwasomea. Usikunje karatasi kwanza. Wageukie, uwaeleze kwa maneno yako mwenyewe: mtoto yule alipatwa na nini, na kwa nini. Ukishindwa, anza upya. Nanyi waheshimiwa, msiinuke vitini mpaka aeleze.

Dada yako