Onyo la Ukurasa wa Kumi na Mbili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu japo kidogo, na kwamba magoti ya mama yamepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasoma.

Mama ameniambia kwenye simu kuwa bado umesimamishwa kazi na husemi na mtu. Amesema baba wa yule mwanafunzi wako aliyefariki alikuja akakuita muuaji mbele ya majirani, nawe ukamkaribisha ndani. Jamani, dada! Moyo wako huo una nini?

Huku ofisini kitabu chetu cha mazingira bado kinasifiwa. Bosi ametundika jalada lake ukutani. Ukurasa wa kumi na mbili ndio kipenzi cha wote: watoto wanaokota makopo kando ya mto, wanayaosha, wanapanda miche. Nilikutumia nakala arobaini kwa mbwembwe, nikijigamba kwamba mdogo wako sasa ni mhariri wa maana. Ukafundisha kama kilivyoandikwa. Wanafunzi wako wa darasa la tatu wakaokota madumu ya dawa ya mashambani, wakayaosha kwa mikono mitupu, na mmoja akalitumia lake kunywea maji.

Mama anasema umewaambia wakaguzi wa shule kwamba lazima onyo lilikuwemo, na huenda wewe uliliruka ukisoma. Kila siku unakifungua kitabu, unalitafuta. 

Acha kutafuta, dada. Onyo halimo. Mwandishi aliliandika: msiguse chombo chochote cha dawa. Mimi ndiye niliyelikata. Lilikuwa linaangukia juu ya picha ya mti, nikaona linachafua ukurasa, nikalipiga wino mwekundu, nikaenda zangu kunywa chai. Siku tatu baada ya mazishi niliutoa mswada ofisini nikauficha chini ya godoro. Miezi miwili nimenyamaza, nikakuacha ubebe mzigo wangu. Ni uoga tu, sina jina lingine.

Leo asubuhi nimewapelekea wakaguzi mswada wenyewe, wino wangu ukiwa pale pale. Nakala ya ukurasa imo humu kwenye bahasha. Mwonyeshe baba wa mtoto, umpe na anwani yangu.

Sikuombi unisamehe. Nisalimie mama. Najua bado anajivunia jina langu lililochapwa ndani ya jalada, umweleze taratibu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba