Makande ya Calist

Kiomboi, Iramba
12 Juni 2024

Mpendwa Dada Dina,

Shikamoo dada. Hujambo na shemeji Godfrey? Watoto wanaendeleaje na joto la Mtwara? Sisi tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza, magoti yanamsumbua mama, ila mdomo wake ni mzima, anagombeza kuku tangu asubuhi.

Mavuno ya maharage si haba. Najua huko mnatia nazi kwenye kila sufuria, lakini maharage bila karanga za kutwanga ni kumkosea mama heshima. Ukija nitakupikia mpaka useme basi.

Haya yanayofuata nilishindwa kuyasema kwenye simu, maana mama hukaa karibu. Unajua tangu kaka Calist aende Rungwa kutundika mizinga ya nyuki na asirudi, mwaka wa kumi na moja huu, kila Jumapili mama humwekea sahani ya makande jikoni, anafunga mlango, tunakwenda kanisani. Tukirudi tunayala wenyewe yakiwa ya baridi. Tangu Pasaka tunakuta yameshaliwa. Maharage yameisha, na mahindi yamepangwa punje kwa punje ukingoni mwa sahani, vilevile alivyokuwa akifanya Calist mpaka anachapwa. Kwanza nilimsingizia paka, kisha kuku. Dada, kuku hawapangi mahindi.

Mama hashangai. Anaosha sahani huku anaimba.

Sasa Baba mdogo Gaspari amekata shauri: Jumamosi ya tarehe 29 tufanye ibada ya matanga, Calist ahesabiwe marehemu. Nilimwomba kwanza niende Rungwa nikaulize. Manyoni nilikula wali maharage, Itigi nikala chapati maharage, na abiria wa kiti cha nyuma Mungu awalipe kwa uvumilivu wao.

Rungwa nilimkuta mama lishe mmoja, Severina, nikamwonyesha ile picha ya Calist aliyopiga siku ya kuondoka. Alimtambua palepale. Kasema huja kila Jumapili saa sita mchana, anakaa peke yake kwenye benchi la mwisho. Tena hajabadilika hata kidogo, hata shati ni hilohilo la kwenye picha.

"Ila tangu Pasaka hali," akaniambia. "Namwekea makande, anaisogeza sahani. Anasema, 'Asante mama, nimeshakula nyumbani.' Nyumbani gani sasa? Hapa hana nyumba."

Nikasubiri mpaka Jumapili, nimekaa kwenye benchi hilohilo. Saa sita ikapita, hakuja mtu. Nililia mbele za watu bila aibu, na hadi leo sijui nilikuwa nalia kwa kuwa hakuja au nilikuwa naogopa asije akaja.

Mama sijamwambia. Baba mdogo nilimweleza yote, akajibu kwamba basi ndiyo sababu ya kuharakisha, kijana apumzike. Huenda anasema kweli. Lakini matanga yakishafanyika, mama atakatazwa kuweka sahani, na huyo anayekuja kula tutakuwa tumemfungia mlango sisi wenyewe. Siwezi, dada. Wewe ndiye mkubwa wetu, na neno lako Baba mdogo hulisikiliza. Mpigie kabla ya tarehe 29, umwombe asubiri. Mimi peke yangu ananiona mtoto.

Salamu zangu kwa shemeji, kwa Lucy na kwa Benson. Jirani yetu Eliana anakusalimu sana. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko, na akulainishie ulimi utakapozungumza na Baba mdogo.

Jambo la mwisho. Jumapili iliyopita mama hakuweza kuamka, kwa hiyo makande nilipika mimi. Niliporudi kutoka kanisani sahani ilikuwa imeliwa nusu tu. Mama akaonja mabaki palepale kitandani, akaniambia nimezidisha chumvi, Jumapili ijayo niangalie, mtoto asilale na njaa.

Mdogo wako anayekupenda hata ukichelewa kujibu,
Marietha