Ruhusa ya Kifuniko

Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila masikio yanavuma kwa kelele za mashine. Na wewe, kiuno kimepoa?

Bosi kaniita. Kagundua aliyebuni kile kifuniko cha dumu kisichovuja ni dada yangu. Anataka umpe ruhusa ya kukitengeneza, iwe yake peke yake, miaka mitano, viwanda vingine visikiguse. Mezani kwake pana dumu la kile kiwanda cha hapo nyumbani. Akawa anaongea huku anabonyezabonyeza kifuniko chake kama mtu anayetafuta jipu.

Mimi sina la kusema, wewe ndiye unajua. Hivi wale wa hapo nyumbani nao bado wanakuulizia?

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu bubu,

Marahaba. Kiuno kipo, kinanikumbusha umri. Unakula lakini?

Nimeshatia saini. Ninyi peke yenu! Wale wa hapa walikuja mara mbili kunibembeleza niwape ruhusa wote wawili, wao na ninyi, watalipa kwa kila kifuniko. Eti hata wewe wangekuchukua, maana hapa hakuna anayeijua mashine ya kutengenezea vifuniko. Nikawacheka. Mdogo wangu ana kazi yake ya maana huko, aje kufanya nini huku? Sasa bosi wako akikugusa, kanigusa mimi. Umefurahi? Andika basi, hata mstari mmoja.

Dada yako


Tarehe 19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Naendelea vizuri.

Nimepandishwa, nasimamia mashine mbili. Bosi alinishika bega mbele za watu.

Dada, nilitaka uwape wote wawili. Nilijua watahitaji mtu wa mashine, na mtu huyo ni mimi. Ndiyo maana niliuliza vile. Wewe huwa unanielewa hata nisiposema. Nilisahau kwamba huko hunioni uso.

Usiende kumwomba bosi avunje mkataba, nakujua. Sikulaumu. Niandikie tu vitu vidogo. Siku hizi nani anakushikia chuma ukichonga kalibu za vifuniko? Mlango wa uani bado haufunguki mpaka usukumwe kwa goti?

Miaka mitano ikiisha nitakuwa na ishirini na saba. Usibadilishe kufuli. Ufunguo wangu ninao.

Mdogo wako