Pazia la Dirisha la Mbele

Jumapili, 25 Machi

Tumemshusha Baba leo, mimi na Gaston wa baa ya ng'ambo ya barabara. Kitanda chake sasa kiko sebuleni, ukutani, na kiti chake tumekiweka dirishani. Ngazi zimemshinda kabisa. Akipanda tatu anakaa chini, uso umekuwa wa bluu. Miaka yote ile ya vumbi la kitani kiwandani, na hayo ndiyo malipo ya uzeeni.

Hakulalamika. Alisema tu: vizuri, hapa nitaona Mbio za baiskeli zikipita.

Mbio! Bado wiki mbili. Na daktari jana alinivuta jikoni akanong'ona nisitegemee sana wiki mbili. Nikamwambia mimi sitegemei kitu, mimi nafua mashuka. Akanitazama kwa huruma. Sipendi kutazamwa hivyo.

Gaston akalijaribu lile pazia la mbao la dirisha, la kuviringisha kwa mkanda. Kushuka, linashuka. Kupanda ndiyo kasheshe! Springi ya ndani imekufa. Ilibidi yeye asukume kutoka nje na mimi nivute ndani mpaka viganja vikachubuka. Akasema: Lieve, usiliguse tena mpaka nipate springi mpya. Basi Baba atalala na taa za magari usoni. Anasema anazipenda.

Jumatano, 28 Machi

Norbert amekuja. Ametoka mazoezini, miguu imenyolewa, mashavu yamebonyea. Ukimwona mdogo wangu bila baiskeli utadhani ndiye mgonjwa.

Baba alipomwona tu: "Aa, mbeba maji! Umeniletea chupa?"

"Ya maji au ya bia, Baba?"

"Ya maji utampelekea Mholanzi wako."

Wakacheka mpaka Baba akakohoa, na kikohozi kikakataa kuisha. Utani wao ndio huo, miaka kumi na miwili. Norbert anapeleka chupa kwa kiongozi wa timu, sasa ni huyo Mholanzi, Norbert anatoa gurudumu lake, Norbert anakinga upepo, wengine wanapewa maua. Hajawahi kushinda mbio kubwa hata moja. Na meneja amemwambia wazi: msimu huu ndio wa mwisho. Baba hajaambiwa.

Baadaye alinifuata jikoni. Nilikuwa nakoroga uji wa maziwa mgando.

"Dada. Ikitokea siku ile ya Mbio... teremsha pazia."

Kila mtu hapa anajua maana ya pazia lililoteremshwa mchana kweupe: ndani mna msiba. Nikamuuliza, ukishaliona ufanye nini?

"Nisimame."

"Katikati ya Mbio?"

"Hata nikiwa wa kwanza! Sitaki tena kuambiwa na mtu wa redio."

Mama, ndiyo. Alifariki Norbert akiwa mashindanoni Italia, na Baba akatupiga marufuku kupiga simu mpaka avuke mstari wa mwisho. Akavuka. Akatokea bwana mmoja na kipaza sauti, akampa pole ya msiba. Norbert anasema alikuwa bado anatema vumbi, akamwuliza yule bwana: msiba gani? Mwaka mzima hakuongea na Baba.

Nikamwahidi. Nilishika mkono wake kabisa. Uji ukaungua.

Jumamosi, 31 Machi

Siku mbaya. Hakula. Anaita Mama, halafu anakumbuka, halafu ananyamaza. Hapo anaponyamaza ndipo panaponimaliza.

Jumanne, 3 Aprili

Leo alikuwa na nguvu kidogo. Nilipokuwa namkata kucha akasema ghafla kwamba vumbi limeingia mapafuni, halikuingia masikioni. Alisikia yote. Jikoni, ahadi, yote.

"Usiteremshe," akasema.

"Baba, nimeshamwahidi."

"Basi niahidi na mimi."

"Haiwezekani nyote wawili!"

Akanyoosha mkono nimalizie kucha. Akasema mwendeshaji hasimami. Akianguka anainuka, akiumwa anaendelea, akilia analia huku anakanyaga. Kwamba akisimama kwa sababu ya mzee aliyekwisha, basi huyo mzee kazi yote aliyoifanya ni bure. Alisema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima, akabaki anahema na kunikodolea macho. Mkaidi! Hata pumzi ya kuombea maji hana, ila ya kubishana anayo.

Nikasema sawa. Ningesema nini? Mtu anakutazama hivyo, unasema sawa.

Sasa nina ahadi mbili, na dirisha ni moja. Na hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza, Lieve, wewe je? Mimi niliyeacha saluni yangu mjini nikarudi hapa kumwosha. Nina hasira nao wote wawili. Nawapenda, nina hasira.

Alhamisi, 5 Aprili

Sista muuguzi amekuja na sindano. Amesema "karibu." Nikadhani anajibu hodi ya mtu mlangoni.

Jumamosi, 7 Aprili

Yupo bado! Amekunywa kahawa, ametukana redio.

Barabarani wameanza kuja na vibanda vya soseji. Gaston amefunga kamba mbele ya dirisha letu, kutoka bomba la mvua hadi nguzo, ili walevi wasimzibe Baba. Nimeoka keki ndogo za wali, zile anazotia Norbert mfukoni mwa jezi. Kijana wa timu alipita kuzichukua.

Jioni simu ya Norbert ikaja kwa Gaston, nikavuka mbio na aproni yangu.

"Yupo?"

"Yupo."

Halafu akasema meneja anataka atangulie mapema na wale watakaolitoroka kundi mwanzo, ili Mholanzi apumzike nyuma. Kazi ile ile. Lakini maana yake atapita mbele ya nyumba akiwa nje ya kundi, ataweza kuona. "Mwambie nitatazama mara zote mbili, Dada. Kwenda na kurudi." Na kurudi ni baada ya kilima, mji Mbio zinapoishia hauko mbali na hapo.

"Na ahadi yetu?" akauliza.

Nikasema ninaikumbuka. Si uongo. Ninaikumbuka.

Jumapili, 8 Aprili. Asubuhi

Nimemnyoa. Ametaka shati jeupe, koti, na kofia yake ya kitambaa ya tangu ujana, ile ya mashindano. Nikamwambia unaenda kuoa? Akasema ndiyo, harakisha. Tumembeba mimi na Gaston mpaka kwenye kiti. Blanketi magotini. Amekuwa mwepesi, amekuwa mwepesi mno.

Shangazi Zulma ametoka kanisani na vijitawi vya Jumapili ya Matawi, vimebarikiwa. Kimoja juu ya msalaba, kimoja juu ya redio. Kwa nini juu ya redio? Anasema Norbert yumo mle.

Nje ni mvua nyepesi na moshi wa mafuta. Watu tele. Mtu ameweka glasi ya bia kwenye kizingiti cha dirisha letu, nikagonga kioo. Akamwona Baba. Akavua kofia!

Mchana

Wamepita!

Pikipiki kwanza, gari la kipaza sauti, kisha watu sita peke yao. Wa tatu ni yeye. Matope hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nyuma ya kiti cha Baba, nikamwona anainua kichwa, anatafuta dirisha — na akacheka. Norbert! Sijawahi kumwona anacheka juu ya baiskeli, tangu utoto. Nilimfuata kwa macho mpaka kona ya kanisa, nimesogea kando ya kiti nikabana pua kwenye kioo kama mtoto.

Nilipogeuka, mikono ya Baba ilikuwa juu ya blanketi na uso wake umelowa machozi.

"Anakaa vibaya kwenye tandiko," akasema.

Gaston akapiga kelele kutoka nje: umeona Achiel alivyompungia mwanawe? Nikasema nimeona.

Baba anataka maziwa ya moto. Nakwenda.

Baadaye

Amefariki.

Nilikuwa jikoni. Maziwa yalikuwa yanapanda. Niliporudi redio ilikuwa inaongea, na yeye yuko kitini, kofia kichwani, macho barabarani. Nikamwambia, Baba, shika, ya moto. Nilisema mara mbili. Nilikuwa bado nimeshika kikombe wakati Shangazi alipopita mbele yangu akamfumba macho.

Sijalia. Nimeshindwa kulia. Nimekaa hapo chini nimeshika kiatu chake. Redio inasema kuna ajali kubwa nyuma. Inasema Mholanzi yumo kwenye gari la wagonjwa. Inasema timu haina tena kiongozi.

Tumemhamishia kitandani, Shangazi na mimi, wanawake wawili, wala hatukuhema. Ameweka kijitawi na bakuli la maji ya baraka. Tukasali, mimi midomo tu. Kisha akainuka, akaenda dirishani akashika mkanda.

"Shangazi, acha."

"Niache nini?"

"Acha pazia."

"Lieve! Ndani mna maiti, nje wanakula soseji wanachungulia! Kaka yangu ni wa kuanikwa?"

Akavuta. Likaanguka kiasi cha kiganja, likakwama kwa mlio. Nikamdaka mkono. Nilimwumiza, najua. Nikamwambia likishuka lote halipandi tena, halipandi, Gaston hajaleta springi. Nilikuwa napiga kelele kuhusu springi! Mbele ya baba yangu!

"Norbert ulimwapia," akasema polepole.

"Na Baba nilimwapia."

Akakaa. Naye ni mzee, sikuona hilo mpaka leo. Akasema: "Kifo cha mama yenu mlimficha. Hii ya pili hatakusamehe."

Najua. Si nimeshajua.

Redio: wale sita wamebaki wawili. Mtangazaji anatamka jina letu vibaya. Anamwita mtumishi mwaminifu wa miaka mingi, anasema leo meneja amemruhusu aende zake, ajitafutie ushindi. Aende zake! Halafu yule mwenzake kapasuka tairi kwenye mawe ya kilima. Norbert yuko peke yake. Yuko mbele, peke yake, na kundi bado halijamwona.

Nimekuwa nikitazama ule mkanda kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Nikiliteremsha pazia, atasimama. Namjua, atasimama, ataegemeza baiskeli ukutani aingie na viatu vyake vyenye vyuma chini, na kundi litapita. Na atakuwa na haki. Nisipoliteremsha atavuka mstari na bwana mwingine atakuja na kipaza sauti. Au hatakuja, nitamwambia mimi, usiku, uso kwa uso, na maua mkononi mwake.

Nimechagua. Sijui kama ni kwa ajili ya Baba. Nikisema ni kwa Baba najidanganya. Nataka mmoja wetu ashinde kitu. Mmoja tu, mara moja, katika nyumba hii!

Halafu nikakiona kiti.

Atatazama kiti. Alisema mara zote mbili. Kiti kitupu siku ya Mbio, hapo pazia la nini tena?

Nimemvua koti lake nikalivaa. Shangazi aliponiona alishika kinywa, kisha bila neno akaja akanivuta kola ijae shingoni. Kofia ameivua yeye mwenyewe kichwani pa Baba, akambusu pale ilipokuwa, akanivisha. Ina joto bado. Ina joto! Nywele nimezisokomeza ndani. Blanketi magotini, na chini yake naandika hivi, kwa sababu mikono haitulii nikiiacha bure.

Nikiinama kidogo tunafanana. Watu walikuwa wakisema hivyo, nilikuwa nikichukia.

Redio imesema ameshakishuka kilima. Shangazi ameizima. Sasa ni nje tu. Watu wanasogea kwenye kamba. Pazia linaning'inia juu ya macho yangu kiasi cha kiganja, halirudi juu. Ataliona? Atafikiri nini?

Honi. Hiyo ni pikipiki ya kwanza, kwenye kona ya kanisa.

Niinue mkono, basi. Alimpungia, Gaston alisema alimpungia. Mkono upi? Nilikuwa nyuma yake kabisa, nilikuwa namtazama Norbert. Wa kushoto au wa kulia? Wazi, au amekunja ngumi? Gaston anajua, Gaston yuko ng'ambo na barabara imefungwa. Shangazi alikuwa jikoni. Norbert anajua. Baba, mkono gani? Wanapiga makofi, wanaita jina letu, Baba, ulimpungia kwa mkono gani